Afya ya Kijana Hailindwi kwa Rungu



Ndugu msomaji, kabla hujauliza Kianjokoma inatuhusu nini sisi, soma mpaka chini.

Kianjokoma ni kijiji cha soko huko Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Ni nchi ya majani chai, kahawa na baridi ya asubuhi. Waislamu huko wahesabika. Usiku wa Jumapili, Agosti 1, 2021, ndugu wawili wa baba na mama mmoja, mmoja wa miaka 22 na mwengine 19, wote wanafunzi wa chuo, walikamatwa na polisi wakitoka kwenye biashara yao ndogo. Kosa lao lilikuwa saa. Saa nne za usiku zilikuwa zimepita na kafyu ya korona imeanza. Hawakurudi nyumbani. Familia ikazunguka ikiwatafuta, mwisho ikaonyeshwa miili yao mochari ya hospitali ya Embu. Polisi wakasema ati waliruka kutoka kwenye gari likiwa mwendoni. Upasuaji wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa na mbavu. Watu wa Kianjokoma wakaingia barabarani kwa hasira, na katika maandamano hayo kijana mwengine akapigwa risasi akafa. Maafisa sita wa polisi wakashtakiwa kwa mauaji mwaka huo huo, wakakana mashtaka.

Hebu rudia kuisoma ile sababu ya kukamatwa. Hawakuiba. Hawakubeba silaha. Walikamatwa kwa ajili ya afya. Serikali ilikuwa ikiwakinga na ugonjwa!

Na sisi tulikuwa tushaionja kinga hiyo. Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya kafyu, watu waliokuwa wakingoja kivuko Likoni warudi makwao walipigwa marungu na kurushiwa vitoa machozi, wengine wakilazwa chini kama magunia. Siku tatu baadaye, Kiamaiko jijini Nairobi, mtoto wa Kiislamu wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa ghorofani kwao, barazani, anatazama tu. Kutoka Likoni hadi Kianjokoma ni gari la siku nzima, lakini rungu ni lile lile. Basi Kianjokoma inatuhusu.

Leo lakini hatuandiki juu ya polisi peke yao. Twataka kuuliza swali ambalo baada ya yale maziko halikuulizwa na wengi. Ikiwa hivi ndivyo kijana wa Kenya alivyofundishwa maana ya "afya ya umma", nani atamshawishi aingie zahanati kwa hiari yake aulizie UKIMWI?

Kwa sababu UKIMWI si korona. Hauwezi kuuwekea kafyu. Kila kitu katika ugonjwa huu kinategemea tendo moja ambalo hakuna askari awezaye kulilazimisha: kijana atoke kwao kwa miguu yake, aingie chumba cha mtu asiyemjua, afunge mlango, aseme ukweli wa mwili wake. Hapo ndipo kipimo kinapoanza. Hapo ndipo dawa inapoanza. Kinachomtia hofu njiani, kiwe ni polisi, chifu, mwalimu, muuguzi mwenye mdomo mrefu au imamu mwenye hasira, ujue kinafanya kazi ya virusi. Na Kenya, ndugu yangu, tumejenga hofu kwa ustadi mkubwa kuliko tulivyojenga hospitali.

Mwafikiri twazidisha? Mwaka 2010 huko Kapsabet watu wagonjwa wa kifua kikuu walifungwa jela kwa sababu waliacha kumeza dawa. Jela, ndugu! Mgonjwa wa kifua kikuu atiwe chumba kimoja na mahabusu waliobanana, na hayo yaitwe matibabu. Mahakama Kuu ilichukua mpaka Machi 2016 kusema ule ulikuwa ukiukaji wa katiba.

Halafu Februari 2015 likatoka agizo la rais: makamishna wa kaunti wakusanye takwimu za watoto wa shule wenye virusi, pamoja na walezi wao, na za kina mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi. Fikiria. Kamishna wa kaunti, ambaye chini yake wako machifu na manaibu wao, ndiye apewe orodha ya watoto wagonjwa. Chifu yule yule anayejua mlango wako, anayeitisha baraza, ambaye mkewe ni jirani yenu. Shirika la KELIN na wazazi wakaenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo hilo lilivunja Kifungu cha 31 cha Katiba, cha faragha, na kile cha 53 kinachosema maslahi ya mtoto yatangulie. Twawashukuru waliokwenda mahakamani. Lakini mtoto aliyesikia kwamba serikali yaandika majina, je, alisikia pia kwamba mahakama imekataza? Habari ya hofu hupanda boda boda. Hukumu ya mahakama huja kwa miguu.

Sasa turudi mwaka wa Kianjokoma wenyewe, 2021. Mapema mwaka huo, shehena ya dawa za ARV zilizotolewa na Marekani ilikwama bandarini Mombasa, hapa hapa kwetu, kwa sababu ya mvutano wa kodi na wa nani azisambaze. Ilipofika Aprili watu wanaoishi na virusi waliandamana Nairobi na Kisumu. Waliozoea kupewa dawa za miezi mitatu wakawa wanapewa za wiki chache. Huyu ni mtu ambaye akikosa dawa, virusi vinaamka na vinaweza kuwa sugu. Tia mambo haya mawili kwenye mizani moja. Serikali hii hii, mwaka huu huu, ilikuwa na mafuta ya gari na askari wa kutosha kufukuza vijana saa nne za usiku katika kijiji cha chai chini ya Mlima Kenya, na haikuwa na njia ya kutoa kontena la dawa Kilindini. Pesa hazikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kukosa usingizi juu ya mgonjwa.

Tuje kwa wasichana, maana hapo ndipo mzigo ulipo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19 nchini, 15 wamewahi kushika mimba. Meru, jirani ya Embu, walikuwa 24. Samburu walikuwa 50. Wakubwa wetu wakaja na jina, wakaiita hatari tatu: virusi vipya, mimba za mapema na dhulma za kingono. Jina zuri, na kwa kweli hesabu yake ni sahihi, kwa sababu tendo linaloleta mimba ndilo tendo linaloleta virusi, na mara nyingi halikuwa hiari. Lakini angalia nani anayeadhibiwa. Msichana ndiye anayekaa nje ya darasa, ingawa tangu 1994 sera ya serikali yamruhusu kurudi shule baada ya kujifungua, na miongozo ikaandikwa upya mwaka 2020. Mvulana wa miaka 17 aliyekuwa na msichana wa miaka 17, wote watoto mbele ya sheria, ndiye anayeburutwa kortini chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Na mtu mzima mwenye shamba, duka au matatu, aliyemharibu mtoto wa watu? Huyo huelewana na wazee. Bara wataita ni mambo ya nyumbani. Kwetu sisi tumelitafutia jina la Kiarabu ili lipate heshima: maslaha. Ngamia au pesa zinabadilisha mikono kati ya wanaume wawili, na mtoto mwenyewe hapati hata daktari. Wallahi, hili ni letu, tusimsingizie karao.

Na hapa lazima tuseme na nafsi zetu, kwa sababu ni rahisi mno kuandika juu ya serikali na kuisahau minbar.

Katikati ya miaka ya 1990, Kadinali Otunga wa Kanisa Katoliki alichoma hadharani Nairobi kondomu na vijitabu vya kufundisha juu ya UKIMWI, na kulikuwa na viongozi wa Kiislamu waliosimama naye. Kondomu tuziache kando, mjadala wake mwaujua. Sisi tunauliza juu ya vile vijitabu. Kenya ilikuwa imeupata mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1984, na mpaka Novemba 1999 ndipo Rais Moi alipotangaza kwamba UKIMWI ni janga la taifa. Miaka 15. Katika miaka hiyo watu walikufa vijiji kwa vijiji, na viongozi wa dini zote walipopata nafasi ya kukaa jukwaa moja kwa umoja, walikaa kuchoma karatasi.

Mpaka leo utawasikia wengine wakisema: sisi Waislamu tuko salama, tazama takwimu, Mandera na Wajir ziko chini kabisa. Ni kweli ziko chini, alhamdulillah. Lakini shuka uje Mombasa, Malindi, Lamu, uone vijana wetu wa unga wanaochangia sindano. Makadirio ya muda mrefu nchini yamekuwa kwamba karibu watu 18 katika kila 100 wanaojidunga wana virusi. Wengi wa hao wanaitwa Salim, Ali na Fatuma. Kliniki za methadoni zilipofunguliwa Malindi na Kisauni mwaka 2015, ni kina mama wa Kiislamu waliowapeleka watoto wao, wakivuka aibu ambayo misikiti haikuwasaidia kuivuka. Na ndoa nayo si chanjo. Mwanamke aliyeingia nikaha akiwa bikira na hajatoka nje ya ndoa yake anaweza kuletewa virusi kitandani kwake. Utafiti wa KENPHIA wa 2018 ulikuta virusi kwa asilimia 6.6 ya wanawake na asilimia 3.1 ya wanaume. Wanawake ni mara mbili na zaidi. Mtu asikwambie hiyo ni hesabu ya uasherati wa wanawake.

Kisha yule mzazi atasema: mkiwafundisha watoto mambo haya mtawafungulia mlango wa zinaa. Mzazi wangu, kwa heshima, ulisoma chuoni ukiwa na miaka mingapi? Safinatun Najaa tuliisoma karibu sote, na mlangoni tu inataja alama za kubaleghe: kutimiza miaka 15, kutokwa na manii, na hedhi ambayo yaweza kuja tangu miaka 9. Tulikaa juu ya mkeka, wavulana wa miaka kumi, tukisomeshwa janaba, kinachowajibisha josho na namna ya kuoga. Wasichana walisomeshwa hedhi, nifasi na istihadha. Hakuna aliyekimbilia zinaa kwa kuisoma Safina. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kutozuiwa na haya kuuliza mambo ya dini yao. Haya tunazozionea fahari leo hatukuzitoa katika fiqhi. Mwalimu wa madrasa anayeweza kueleza nifasi ni siku ngapi, anashindwa na nini kueleza virusi vinapita wapi?

Tena mila zetu zenyewe zilikuwa na mahali pa jambo hili. Uswahilini alikuwako somo, aliyemkalisha mwari chini akamweleza. Waembu na Wameru nao wana jando lao. Mpaka leo likizo ya mwisho wa mwaka ikifika wavulana hutahiriwa, hukaa ndani wakipona, na wakubwa wao huwafundisha uanaume. Tatizo ni kwamba siku hizi somo huitwa wiki ya harusi, wakati msichana ana simu mkononi tangu darasa la sita. Na yule kijana wa miaka 20 anayeachiwa wavulana waliotahiriwa, nani alimfundisha yeye? Mara nyingi somo lake lote ni kwamba sasa wewe ni mwanamume, nenda ukajaribu. Ati tohara imekukinga! Tohara yapunguza hatari ya mwanamume kupata virusi kutoka kwa mwanamke kwa asilimia 60 hivi. Hilo lilithibitishwa na utafiti uliofanywa Kisumu, Rakai ya Uganda na Orange Farm ya Afrika Kusini. Asilimia 60 si 100, na mwanamke haimkingi hivyo. Wiki zile mbili tatu za kupona, Embu kama Lamu, ni darasa la bure ambalo hakuna bajeti ya serikali yaweza kulinunua. Wazee, imamu na mchungaji wakae na wavulana hao jioni moja tu pamoja na muuguzi.

Kama mnatafuta sunna ya kusema na kijana, iko katika Musnad ya Imam Ahmad. Kijana alimjia Mtume, rehma na amani zimshukie, mbele za watu, akamuomba ruhusa ya kuzini. Hebu jaribu jambo hilo msikitini kwenu Ijumaa hii! Masahaba waliokuwapo walimkemea wakamwambia nyamaza. Mtume akamwita amsogelee, akamkalisha karibu yake, akamuuliza kama angependa jambo hilo lifanyiwe mamake, bintiye, dadake, shangazi zake. Kwa kila swali kijana akajibu la. Kisha akamwekea mkono na kumuombea. Hakumfukuza, hakumuuliza baba yako nani, hakuandika jina lake popote. Zinaa ikabaki haramu vile vile, na kijana akaondoka hana hamu nayo. Sasa jiulize, sisi tumefuata upande gani wa hadithi ile? Tumekuwa wale waliokuwa wakipiga kelele.

Ndio maana kijana huenda kujisomesha kwa wenzake, na anayoyapata huko ndiyo haya: kwamba P2 ya duka la dawa imemaliza kila kitu. Msichana anaogopa mimba kuliko anavyoogopa virusi, kwa sababu mimba huonekana na virusi havionekani. P2 haizuii virusi hata kimoja. Basi wewe kijana unayesoma hapa, hasa wewe wa Kianjokoma ambaye labda umetumiwa ukurasa huu na rafiki, shika haya. Njia ya dini yako waijua, hatutaibadilisha. Lakini ikiwa umebakwa, au limetokea lililotokea, kuna dawa za kuzuia virusi visiingie, na lazima uzianze ndani ya saa 72. Kila saa inayopita ni hasara, kwa hivyo usingoje Jumatatu. Tangu 2017 Kenya ina tembe za kujikinga kwa aliye katika hatari ya kudumu, kwa mfano mke ambaye mumewe ana virusi. Kipimo cha leo hakionyeshi kilichotokea wiki iliyopita, kwa hivyo utarudi kupima tena. Na mwenye virusi anayemeza dawa zake vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo cha damu, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa, na huzaa watoto wasio na virusi. Kusikia haya kungewatoa wengi katika kitanzi.

Sheria nayo iko upande wako zaidi ya unavyodhani. Sheria ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI ya 2006 yakataza kumlazimisha mtu apimwe ndipo apate kazi, shule, matibabu au ndoa. Maimamu, hapa mtusikilize: kumshauri bwana harusi akapime ni nasaha njema, kuifanya sharti la kufunga nikaha hairuhusiwi. Sheria hiyo yasema pia mtoto aliye mjamzito, aliyeolewa, mwenye mtoto, au aliye katika hatari ya kuambukizwa anaweza kukubali mwenyewe, kwa maandishi, kupimwa. Na anayetoa siri ya majibu yako amevunja sheria. Kuna mahakama maalum iliyoundwa na sheria hiyo kusikiza malalamiko kama hayo. Ni wangapi wenu mmewahi kuisikia? Chifu aliyetangaza kafyu kwa kipaza sauti hakuwahi kukitumia kipaza sauti hicho kutangaza hili.

Mei 2024 Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka ya Embu, rais akasema marufuku hiyo ni batili, na kwa wiki kadhaa watu wa Embu na sisi wa Pwani tukatukanana mitandaoni kama maadui wa damu. Hatusemi muguka ni kitu chema, tunajua unachowafanyia vijana wetu. Lakini laiti robo ya kelele zile zingepigwa kwa ajili ya dawa. Kwa sababu Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake kwa kalamu moja, na ndipo tukagundua kwamba muuguzi aliyekuwa akimpigia kijana simu kumkumbusha siku ya dawa, karani wa faili na mshauri wa vijana, wote walikuwa wakilipwa na mpango wa PEPFAR ulioanza 2003. Vituo vya vijana na vya waraibu vikafunga milango au vikapunguza kazi. Zaidi ya miaka ishirini tumelala kwenye kitanda cha kuazima. Mwaka 2001 huko Abuja viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kenya haijawahi kufika hapo. Lakini tukitaka vitoa machozi, havikosekani kamwe.

Sasa twataka nini? Afya ni kazi ya kaunti tangu 2013, kwa hivyo swali la kwanza liende kwa serikali za kaunti, ya Embu na zetu za Pwani pia. Kijana wa shule, mchuma chai na mtu wa boda boda atafika saa ngapi kwenye kliniki inayofungua saa mbili asubuhi na kufunga saa kumi na moja? Mpeni jioni mbili kwa wiki na Jumamosi. Ondoeni ile benchi ya CCC ambayo soko zima lajua anayekaa hapo amekuja kuchukua nini. Namba ziitwe, majina yasiitwe. Mshahara wa mshauri wa vijana uwe kwenye bajeti ya kaunti kwa maandishi, usingoje mfadhili. Swali la pili ni la Bunge: mvulana na msichana waliolingana umri, je, dawa yao kweli ni jela? Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa yenyewe ilisema suala la umri lijadiliwe. Lijadiliwe basi, na huku wale watu wazima wanaojificha nyuma ya maslaha wafikishwe mbele ya hakimu. La tatu ni la polisi: kesi ya Kianjokoma tunaifuatilia mpaka mwisho, na hatutaki tena afisa mwenye bunduki atumwe kutekeleza jambo la afya popote nchini, iwe ni korona au ugonjwa mwengine utakaokuja.

Na la nne ni lako. Ijumaa hii baada ya swala, mfuate imamu wako, umuombe kikao kimoja cha vijana na muuguzi au daktari Muislamu, wavulana siku yao, wasichana siku yao na mwalimu wa kike. Akikataa, muulize kwa adabu ni mlango gani wa Safina aliouruka. Akikubali, tuandikieni hapa chini mtaa wenu, tutawasaidia kumpata wa kuja kusomesha. Na ndugu zetu wa Embu mjini, nyinyi ndio mlio karibu na Kianjokoma. Mpandapo huko kwa biashara, ulizeni vijana wa soko wanapimwa wapi na saa ngapi, mtuletee jibu.

Wabillahi tawfiq.